Kabla hujatoka zahanati, uliza umeandikiwa ugonjwa gani

Tuanzie kwenye benchi la zahanati. Ni saa mbili asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, nawe umembeba mtoto mwenye homa kutoka kitongoji cha mbali huko Muleba. Umelipa bodaboda, umesubiri zamu yako, na sasa umekaa mbele ya tabibu ukiwa na daftari la mtoto mkononi. Anakuuliza maswali mawili matatu, anampima mtoto, anaandika. Unaelekezwa dirisha la dawa, unapokea dawa, unarudi nyumbani.

Jioni jirani anakuja kukujulia hali. "Wamesema mtoto anaumwa nini?" Nawe unajibu, "Malaria tu."

Swali langu wiki hii ni hili: umejuaje? Tabibu alikuambia, au ndivyo unavyojibu siku zote mtoto akichemka? Na kwenye daftari pameandikwa nini?

Swali linaonekana dogo, lakini neno moja lililoandikwa pale litatumika muda mrefu baada ya mtoto kumaliza dozi. Litamwongoza tabibu mwingine atakayempokea mtoto wako mwezi ujao. Litaingia katika hesabu za wilaya na za taifa. Likiwa si sahihi, madhara yake hayaishii kwako peke yako. Sisi wa Bukoba na Muleba tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengi, kwa kuwa mkoa wetu umewahi zaidi ya mara moja kukutana na ugonjwa ambao haukuwa na jina.

Neno linakokwenda

Ukimaliza kuonana na tabibu, maelezo yako hayabaki kwenye daftari lako tu. Yanaandikwa pia katika rejesta ya wagonjwa wa nje, ambayo watumishi wa afya huiita Kitabu namba 5 cha MTUHA. MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Humo unaandikwa umri wako, jinsia yako, unakotoka, kipimo ulichofanyiwa, ugonjwa uliogundulika na dawa uliyopewa.

Mwisho wa mwezi mtumishi hukaa na kitabu hicho akajumlisha: malaria wangapi, kuhara wangapi, homa ya mapafu wangapi, kwa umri na kwa jinsia. Jumla hiyo hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ambao taifa zima linautumia. Vituo vyenye kompyuta, tabibu huchagua jina la ugonjwa kwenye orodha palepale mgonjwa akiwa amekaa mbele yake.

Kwa hiyo mtoto wako, bila wewe kujua, amekuwa tarakimu moja katika mstari mmoja. Kama aliandikwa malaria, ameongezeka kwenye mstari wa malaria. Kama alikuwa na kichomi lakini akaandikwa malaria, mstari wa malaria umeongezeka mmoja wa uongo na mstari wa kichomi umepungua mmoja wa kweli. Zidisha hilo kwa vituo vyote vya wilaya, kwa miezi 12, uone picha ambayo Mganga Mkuu wa Wilaya anaitazama anapopanga dawa, vyandarua na watumishi.

Majina tunayokuja nayo

Tatizo huanza hata kabla hatujafika kituoni, kwa sababu sisi wenyewe huja na majina yetu. Wachache humweleza tabibu wanachosikia mwilini. Wengi huingia na jibu kabisa: "Daktari, nina malaria." "Daktari, ni UTI yangu imerudi." "Nina taifodi." "Presha imenishuka." "Mtoto ana degedege."

Tuyaangalie majina hayo moja moja. Taifodi, yaani homa ya matumbo, ni ugonjwa wa kweli na unaua. Lakini kipimo cha damu ambacho wengi hupimwa na kuambiwa wana taifodi kina udhaifu mkubwa: kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu ambaye hana, au aliyekuwa nao zamani. Njia ya uhakika ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu, na kipimo hicho hakipatikani katika zahanati nyingi. UTI nayo ni maambukizi ya njia ya mkojo. Siku hizi kila maumivu ya kiuno au ya chini ya kitovu yamepewa jina hilo, hata pale ambapo mkojo haukupimwa.

Degedege ni mfano mzito zaidi. Katika lugha yetu neno hili hutaja mtoto kukakamaa na kutupa mikono na miguu. Wapo wanaoliona kama jambo la mashetani, hivyo humpeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji kwanza. Kitabibu hiyo ni dalili, na nyuma yake inaweza kuwepo malaria kali, uti wa mgongo, sukari kushuka mwilini au homa kali tu. Mtoto wa namna hiyo anatakiwa kufika kituo cha afya saa hiyo hiyo. Hapo jina peke yake limeamua mtoto apelekwe njia ipi, na saa chache hizo zinaweza kuwa uhai wake.

Sisemi uache kutumia maneno yako. Kichomi, pumu, kifafa, pepopunda, surua na kifua kikuu ni maneno mazuri ya Kiswahili ambayo tabibu anayaelewa vizuri. Ninachosema ni kwamba ukimpa tabibu jibu badala ya dalili, unampunguzia nafasi ya kutafuta.

Homa zote zilipoitwa malaria

Kwa miaka mingi Tanzania nzima ilikuwa na mazoea ya kuiita kila homa malaria. Hakukuwa na uzembe tu hapo. Zahanati nyingi hazikuwa na darubini wala mtaalamu wa maabara, malaria ilikuwa inaua watoto wengi, na mwongozo wenyewe ulielekeza kwamba mtoto mwenye homa katika eneo la malaria apewe dawa. Ilikuwa heri kumtibu asiyeumwa kuliko kumwacha anayeumwa.

Lakini watafiti walipokwenda kupima, walikuta mambo mazito. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, kwa wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Vimelea vilionekana katika damu ya asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa ugonjwa ambao haukuonekana.

Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine kutoka Moshi. Watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528, sawa na asilimia 60.7. Waliothibitika kuwa malaria ndiyo chanzo cha homa yao walikuwa 14, yaani asilimia 1.6. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria katika damu, na wengine magonjwa yanayotoka kwa mifugo na panya, ambayo yalikuwa hayafikiriwi kabisa.

Moshi si Muleba. Huku kwetu ziwani malaria ni nyingi kuliko kule mlimani, na mtoto mwenye homa huku ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo kweli. Hata hivyo somo ni lilelile. Jina likiandikwa kwa mazoea, mgonjwa wa kweli hujificha ndani yake.

Leo tuna kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu la kidoleni, ambacho hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Fomu ya ripoti ya MTUHA nayo inatenganisha malaria iliyothibitishwa kwa kipimo na malaria iliyoandikwa bila kupima. Hiyo ni hatua kubwa. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, kazi ya kutafuta chanzo ndiyo kwanza imeanza.

Namba nyuma ya jina

Hapa ndipo zinapoingia namba za magonjwa. Huenda umewahi kuziona kwenye fomu ya bima au kwenye karatasi ya rufaa: herufi moja ikifuatiwa na tarakimu. Ni mpangilio wa kimataifa unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), maarufu kwa kifupi chake ICD. Faida yake ni kwamba daktari wa Bukoba, wa Kampala na wa Paris wakiandika namba moja, wote wanazungumzia kitu kimoja hata kama lugha zao hazisikilizani.

Katika toleo la 10, malaria inayosababishwa na falsiparamu, ambayo ndiyo nyingi kwetu, ni B50. Malaria ambayo aina yake haikutajwa ni B54. Shinikizo la juu la damu ni I10, kisukari cha aina ya pili ni E11, na selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ni D57. Toleo la 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022, na nchi zinaendelea kuhama kutoka la 10.

Mpangilio huu una historia inayoeleza udhaifu wake. Ulianzia kwenye orodha iliyotungwa na mtakwimu wa Ufaransa, Jacques Bertillon, mwaka 1893, na ilikuwa orodha ya vyanzo vya vifo. Ilitungwa ili kuhesabu waliokufa. WHO iliuchukua mwaka 1948 na kuongeza magonjwa ya walio hai. Mtu akishakufa na kuchunguzwa, ni rahisi zaidi kusema kilichomuua. Lakini pale kwenye benchi la zahanati, siku ya kwanza ya homa, jina mara nyingi bado halijajulikana.

Madaktari wa huduma ya msingi waliliona tatizo hilo. Mwaka 1987 umoja wao wa kimataifa, WONCA, ulitoa mpangilio mwingine uitwao ICPC, uliotungwa kwa ajili ya vituo vya ngazi ya chini. Humo tabibu anaweza kuandika sababu iliyomleta mgonjwa kama mgonjwa mwenyewe alivyoieleza: homa ni A03, kikohozi ni R05, kuhara ni D11. Ikithibitika baadaye kwamba homa ile ni malaria, anaandika A73. Dalili ina heshima yake, na haisukumwi kuwa ugonjwa kabla ya wakati.

Hata katika ICD nafasi hiyo ipo. R50 ni homa ambayo chanzo chake bado hakijajulikana. Tabibu anayeandika hivyo hajashindwa kazi. Ameandika ukweli wa siku hiyo, na ameacha mlango wazi kwa atakayempokea mgonjwa kesho.

Kashasha, 1962

Kama unadhani haya ni mambo ya wataalamu wa mbali, rudi nami Kashasha, wilayani Muleba ya leo, enzi hizo ikiwa Wilaya ya Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa ikiendeshwa na misheni, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kucheka kukageuka kulia, kulia kukarudi kucheka. Hali hiyo iliwashika wanafunzi 95 kati ya 159. Wengine ilidumu saa chache, wengine ilifika siku 16. Machi 18 shule ikafungwa.

Wasichana wakarudi makwao. Baadhi walikuwa wa Nshamba, na huko kati ya Aprili na Mei watu 217 wakapatwa. Juni ikaingia shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba, wakapatwa 48. Hakuna aliyekufa.

Wananchi waliipa jina lao, enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Wengine waliita akajanja, wazimu. Kulikuwa na hofu ya sumu na ya kitu kilichochafua hewa. Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, walichunguza. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakatazama chakula, hawakukuta kimelea wala sumu. Mwaka 1963 walichapisha taarifa yao.

Ninachotaka ukione ni namna walivyoandika. Walitaja nani alipatwa, umri gani, tarehe ipi, ilidumu muda gani, alikutana na nani kabla. Hawakuiita malaria ya kichwa ili kujaza nafasi. Walieleza kilichoonekana, kisha wakasema wanadhani ni msongo wa nafsi uliosambaa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana zaidi ya miaka 60 baadaye wataalamu bado wanaisoma taarifa ile na kujifunza. Nasi tunaposikia wanafunzi wa shule fulani wameanguka na kupiga kelele, tukakimbilia kusema ni mapepo, tungefaa kuwakumbuka wasichana wa Kashasha.

Ugonjwa ulioitwa Juliana

Miaka 21 baadaye mkoa wetu ulipata jina jingine. Watu wazima wenye nguvu zao walianza kukonda, kuharisha miezi na miezi, kukohoa, kisha kufa. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita slim kwa sababu ya kukonda. Huku Kagera watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wapo walioamini wagonjwa wamelogwa na wafanyabiashara waliodhulumiwa.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa hapa hapa Kagera. Orodha ya kimataifa iliyokuwa ikitumika wakati huo, toleo la 9, ilikuwa imeanza kutumika mwaka 1979. Ukimwi haukuwamo. Mgonjwa wa aina hiyo akifika kituoni angeweza kuandikwa kuhara, au kifua kikuu, au kukonda, na kila moja kati ya hayo lilikuwa kweli kwa kiasi chake, lakini hakuna lililosema ukweli wote.

Waliouvumbua walifanya hivyo kwa sababu waligundua kwamba kuhara huku, kukonda huku na vidonda hivi vinakuja pamoja, kwa watu wa umri huu, na havifuati dawa za kawaida. Kuandika dalili zote kwa pamoja ndiko kulikoonyesha njia. Wakati huo, jina Juliana likaendelea kuwafanya watu watafute mchawi na kuikwepa hospitali. Familia zilizozika miaka ile zinajua gharama yake.

Maruku, 2023

Halafu ikaja Machi 2023. Katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko, watu walianza kufa wakiwa na homa, kutapika, kutokwa damu na figo kushindwa kufanya kazi. Tarehe 16 Machi serikali ilitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana umeua watu watano. Sampuli zikapelekwa maabara. Tarehe 21 Machi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni Marburg, mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, walioorodheshwa walikuwa 9, na 6 kati yao walikufa. Mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki.

Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo, na watu 10 wakapoteza maisha.

Marburg ina namba yake, A98.3. Lakini siku ya kwanza haina tofauti na malaria. Ni homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka. Mgonjwa wa namna hiyo akiandikwa malaria bila kupimwa, akapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani, familia nzima itamuuguza kwa mikono mitupu. Akipimwa, kipimo kikasema hapana, tabibu akaandika homa isiyojulikana chanzo na kumuuliza nani mwingine nyumbani anaumwa, hapo kengele inaweza kulia mapema.

Tazama basi: kutangaza "ugonjwa usiojulikana" tarehe 16 hakukuwa aibu. Kulikuwa ndiyo hatua iliyofungua njia ya kuujua siku tano baadaye.

Kuandika vizuri kunalipa

Nisikuache na hofu tu. Muleba, wilaya iliyokuwa na sifa ya milipuko ya malaria, ndiyo iliyosaidia kubadili vyandarua. Katika utafiti mkubwa uliofanyika huko na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, vyandarua vilivyoongezwa kiambata cha PBO, kinachosaidia kuua mbu waliozoea dawa, vilishindanishwa na vyandarua vya kawaida katika makundi 48 ya vijiji. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba hata kabla hayajachapishwa, mwaka 2017, WHO iliyatumia kupendekeza vyandarua hivyo.

Kwa nini dunia iliamini? Kwa sababu watoto walipimwa mmoja mmoja kwa tone la damu. Hakuna aliyehesabiwa ana malaria kwa kuwa paji lake lilikuwa la moto. Tone la damu la mtoto wa Muleba, likiandikwa kwa jina lake sahihi, limekuwa msaada kwa mtoto wa nchi ambayo hatutaifika.

Na kwako nyumbani faida ni ya karibu zaidi. Mtoto mwenye selimundu ambaye kila akiumwa anaandikwa malaria au maumivu ya viungo anaweza kukaa miaka bila kujulikana. Siku daftari lake likisomwa kwa mfululizo, mtu akaona maumivu yaleyale, upungufu wa damu uleule, macho ya njano yaleyale, ndipo anapopimwa na kuanza huduma anayostahili. Mzee aliyeandikwa kichwa kuuma mara sita bila kupimwa presha anaweza kupooza kabla jina la ugonjwa wake halijaandikwa. Na mwenye bima ajue kwamba dawa isiyolingana na ugonjwa ulioandikwa inaweza kukataliwa malipo.

Ufanye nini

Haya ni mambo ya kushika, na hayahitaji elimu kubwa.

Kwanza, eleza dalili kabla ya jina. Sema homa imeanza lini, inakuja usiku au mchana, kuna kutapika, kuharisha, kukohoa, vipele, damu. Taja kama kuna mwingine nyumbani anaumwa hivyo hivyo, kama umesafiri, kama umemuuguza au kumzika mtu, au umegusa popo au mnyama aliyekufa.

Pili, taja dawa zote ulizotumia, za dukani na za mitishamba. Kama mtoto alitibiwa malaria wiki chache zilizopita, sema. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, na tabibu asipojua hilo anaweza kuacha kutafuta ugonjwa wa leo.

Tatu, kabla hujainuka, uliza kwa heshima: "Daktari, umemwandikia ugonjwa gani? Umethibitishwa kwa kipimo au bado tunaangalia?" Mwombe aliandike kwenye daftari jina la ugonjwa, kipimo na majibu yake. Kama ameandika kifupi usichokielewa, mwombe akusomee. Hiyo ni haki yako, na tabibu mwema hatakasirika.

Nne, kipimo kikionyesha hakuna malaria, usilazimishe dawa ya malaria. Usiende kuinunua dukani. Uliza urudi lini na kwa dalili zipi. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, arudishwe mara moja hata kama ni usiku.

Tano, tunza daftari. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, usiliache kwa mtoto achoree, na usinunue jipya kila ukienda kituo kingine. Anayetoka kisiwa cha Bumbire au Ikuza kuja kutibiwa nchi kavu anajua taabu ya safari ile. Akifika bila daftari, tabibu anaanza moja.

Na kwenu watumishi wa afya mnaosoma safu hii: najua foleni, najua mtumishi mmoja anavyoandika kitabu, kupima na kugawa dawa kwa wakati mmoja. Lakini usiku wa kujumlisha Kitabu namba 5, kumbukeni kwamba kila mstari ni mtu wa Kamachumu, wa Kemondo, wa Maruku. Pale msipojua, andikeni kwamba bado hamjajua, kisha mwandike kile mlichokiona. Mganga mfawidhi asimlaumu aliyeandika hivyo. Amuulize tu: mgonjwa huyu anarudi lini?

Wewe msomaji, leo jioni fungua daftari la mtoto wako na lako. Soma mara tatu za mwisho ulizokwenda kutibiwa. Ukikuta jina moja limejirudia na ugonjwa hauishi, au hukuti kipimo chochote, usingoje uumwe tena. Lipeleke kituoni umwonyeshe tabibu, mlisome pamoja.